Nasali nyumbani kwa simu: je, nimeliacha Kanisa?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Mwaka jana jina langu lilisomwa ibadani pamoja na wengine ambao hatujamaliza ahadi ya jengo, na wakati huo mume wangu hakuwa na kazi. Tangu siku hiyo sijarudi. Jumapili nasikiliza mahubiri kwenye simu, nasali na wanangu, na sadaka namtumia kwa simu mtumishi ninayemfuatilia. Kanisa si jengo, mimi mwenyewe ni hekalu la Mungu, na wakiwapo wawili au watatu Yesu yupo. Je, nimekosea wapi?

JIBU: Amina, mama yangu. Pole sana. Kumsomea mtu deni la sadaka mbele ya watu ni kosa, na mimi kama mchungaji sitalitetea. Hata Anania wa Matendo 5, aliyeuza mali akaficha sehemu ya thamani yake, na ambaye habari yake tunapenda kuitumia siku za michango, Petro alimwambia kwamba mali ile ilikuwa yake na ilikuwa katika uwezo wake. Kilichomponza ni uongo.

Kwamba Kanisa si jengo, hapo umesema kweli. Neno lenyewe limetufikia kupitia Kiarabu, na huko nyuma zaidi linatoka kwenye Kiaramu, katika mzizi wenye maana ya kukusanya. Neno la Kigiriki tunalolikuta katika Agano Jipya, ekklesia, nalo ni mkutano wa watu walioitwa. Lilikuwa neno la mjini tu: katika Matendo 19, ule umati wa Efeso uliopiga kelele kwa ajili ya Artemi, mungu wao wa kike, huku wengi wao hawajui hata wamekusanyikia nini, nao unaitwa ekklesia. (Nimewahi kuongoza mikutano ya usharika iliyonikumbusha sura hiyo.) Karne zile za mwanzo Wakristo walikutana zaidi majumbani, kwa Priska na Akila, kwa Nimfa, kwa Filemoni. Kwa hiyo ukiondoa jengo, Kanisa linabaki. Ukiondoa kukusanyika, sijui kinachobaki tukiite nini.

Hapo ndipo mistari yako miwili inapokugeukia. Soma tena 1 Wakorintho 3:16: "Hamjui ya kuwa ninyi mmekuwa hekalu la Mungu". Bahati nzuri Kiswahili hakituruhusu kukosea: ni ninyi, wala si wewe. Paulo anawaambia watu waliogawanyika makundi, huyu wa Paulo, yule wa Apolo, kwamba wote kwa pamoja ni hekalu moja. Najua sura ya 6 inausema mwili wa muumini kuwa hekalu, lakini pale suala ni zinaa, halihusu mahali pa kusalia.

Na ule wa wawili au watatu, Mathayo 18:20, tunausoma kana kwamba Yesu alikuwa akiwafariji watu wachache waliokuja ibada ya asubuhi siku ya mvua. Anza aya ya 15 uone: "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye mkiwa peke yenu." Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Asiposikia tena, liambie kanisa. Wale wawili au watatu wamo katikati ya ugomvi wanaotaka kuumaliza. Maana yake aya hiyo inakuhusu kweli, ila inakutuma kwa mtu aliyesoma yale majina.

Sisi Walutheri tunafundishwa, kwa Ungamo la Augsburg, tamko letu la imani la mwaka 1530, kwamba Kanisa ni kusanyiko la watakatifu ambamo Injili inafundishwa kwa usafi na sakramenti zinatolewa sawasawa. Mahubiri unaweza kuyapata kwa simu, sibishi. Ubatizo na Chakula cha Bwana havipiti kwenye bando. Mwaka 304, katika Afrika Kaskazini, Wakristo 49 wa Abitina walikamatwa wakiwa wamekusanyika Jumapili nyumbani kwa Octavius Felix, wakati ambapo amri ya Kaisari Diocletian ilikataza mikutano yao. Mmoja wao, Emeritus, alikiri kwamba walikutana pia nyumbani kwake, na alipoulizwa kwa nini aliwakaribisha alijibu kwamba bila karamu ya Bwana hawawezi kuishi. Nyumba walikuwa nayo. Kusali kila mtu kwake kungewaponya.

Kuhusu sadaka yako: Yustino, mwalimu Mkristo aliyeandika karibu na mwaka 155, anaeleza kwamba kilichokusanywa Jumapili kiliwekwa kwa msimamizi, akawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni, na mashemasi waliwapelekea wasiokuwapo sehemu yao ya mkate na divai. Kanisa liliwafuata walioshindwa kuja. Mtumishi wa kwenye simu hakujui jina, wala hatajua mwanao akilazwa. Na usharika wako, mume wako alipokosa kazi, ulipaswa kukuletea unga, ukakuletea orodha. Nalisema hilo kwa aibu.

Lakini usijiangalie kama mpokeaji tu. Katika benchi ulilokuwa ukikaa, sasa hivi yuko mama mwingine ambaye mumewe hana kazi, na hakuna anayejua. Wewe ungejua kwa kumtazama tu. Paulo anasema viungo vinavyodhaniwa kuwa vinyonge zaidi ndivyo vinavyohitajiwa zaidi.

Usianze na ibada kuu. Anza na jumuiya ya mtaani kwenu, watu kumi sebuleni kwa mtu. Kisha umwendee mchungaji wako peke yake, kama Mathayo anavyoagiza, umwambie lilivyokuuma. Akikataa kusikia, nenda na mzee wa kanisa mmoja au wawili. Ikishindikana kabisa, omba barua uhamie usharika mwingine, maana kuhama usharika si kuliacha Kanisa.

Na ile ahadi ya jengo ilikuwa sadaka, haikuwa mkopo. Mwambie mzee wa kanisa kwamba hali ya nyumbani imebadilika, utatoa utakapoweza, na umwombe jina lako lisisomwe tena.