Utafiti wa viumbe uanze kabla ya mradi

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini fedha za utafiti za taifa ziende kuhesabu vyura wakati tuna shida ya umeme na maji. Mambo hayo hayatengani. Tazama Kihansi, maporomoko ya mto katika milima ya Udzungwa, Tanzania, palipojengwa bwawa la umeme.

Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996, mradi wa bwawa ukiwa tayari unaendelea. Ni wa manjano, mdogo kiasi cha kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba, na huzaa watoto badala ya kutaga mayai. Makazi yake yote duniani yalikuwa kwenye manyunyu ya maporomoko yale tu. Mwaka 2000 maji yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Ikabidi kutandaza mabomba ya kunyunyizia maji korongoni, na vyura karibu 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa. Kisha ugonjwa wa kuvu ukaingia. Mwaka 2003 waliobaki wakaporomoka, na 2009 akatangazwa ametoweka porini. Kuwarudisha kulianza 2012.

Fikiria gharama ya miaka yote hiyo ukilinganisha na watafiti wachache wenye tochi na mahema, wakitangulia kabla ya mchoro wa bwawa!

Kwa hiyo ningependa COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, itangulize sensa ya viumbe katika milima ya Tao la Mashariki, safu ambayo Udzungwa ni sehemu yake, halafu isomeshe vijana wetu kutambua spishi. Tembo ana wafadhili wengi. Konokono na kuvu hawana mtu.