Kwanza niambieni mnaondoka saa ngapi

Swali lenu la wiki hii nimelisoma nikiwa kibarazani, nikaliacha, nikalirudia. Eti Waingereza wana South West Coast Path, toka Minehead mpaka Poole, kilomita elfu moja na kidogo, watu wanachukua likizo wanaitembea kwa miguu siku kadhaa, wanalala njiani, asubuhi wanaendelea, na vibao vyenye alama ya tunda la mwaloni vinawaonyesha pa kupita. Halafu mnauliza: na pwani yetu je, ichorewe njia kama hiyo, na wewe msomaji ungeitembea?

Jibu langu hapana. Na sio uvivu, mimi mtu wa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, natembea tangu nizaliwe, huku gari la kupanda liko wapi. Ni kwamba njia ya wenzetu sehemu kubwa iko juu ya majabali, bahari iko chini huko inapiga kelele zake, lakini hapa Lamu njia ndio ufuo wenyewe, na ufuo huo bahari inauchukua mara mbili kwa siku kisha inaurudisha ikitaka. Hicho kibao mtakisimika wapi? Na ile michanga ya Shela mnaijua, upepo unaihamisha kama mtu anayepanga vyombo.

Swali la kuuliza ni hili: unatembea na nani, na mnaondoka saa ngapi. Hapo ndio nina maneno.

Desemba mwaka juzi alikuja shemeji yangu toka Nairobi, kakake mke wangu, na mabuti mapya ya kupandia milima na simu inayomhesabia hatua. Anataka kuzunguka kisiwa kwa miguu. Haya. Nikapanga siku tatu: ya kwanza Lamu mpaka Shela, hiyo ni kilomita tatu tu, tulale kwa jamaa zetu, ya pili tushike ufuo mpaka Kipungani, ya tatu Matondoni na kurudi mjini. Na nilipanga kwa mwezi, sio kwa kalenda. Wa huku mnajua, rukeni hapa: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndio bamvua, kupwa na kujaa kukubwa, maji yanapwa saa nne, saa tano za asubuhi, yanajaa jioni, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwa hivyo tukitoka Shela saa mbili tuna mchanga mgumu chini ya nyayo mpaka kama saa nane, na ufuo wote ni kilomita 12, tunaumaliza bila taabu.

Saa mbili shemeji bado yuko kwenye mahamri na mbaazi. Saa tatu anataka picha ya msikiti wa Ijumaa, ule wenye mnara, wa 1829. Saa nne anatafuta chaja. Mimi nasema shemeji maji, yeye anasema maji tumebeba, chupa tatu hizi. Wallahi ndivyo alivyojibu! Nikanyamaza kwa sababu ni shemeji, nikitoa neno litamfikia dadake kabla sijafika nyumbani mimi.

Tulitoka saa sita. Saa moja ya kwanza raha tupu, upepo wa kaskazi unatusukuma mgongoni, kaa wanakimbia, yeye anasoma hatua zake kwa sauti. Kufika saa tisa bahari imepanda mpaka kwenye kingo za michanga na sisi tumesukumiwa juu, kwenye mchanga laini, ule unaopiga hatua mbili unarudi moja. Mabuti yakajaa mchanga akayavua, miguu ikaungua akayavaa, akayavua tena. Hakuna mti. Hakuna nyumba. Chupa mbili alishazimaliza yeye zamani. Na kinachochoma ni hiki, maji ya kunywa ya mji mzima wa Lamu yanatoka chini ya michanga hiyo hiyo, mvua inazama inachujwa huko ndani, kwa hivyo tumekaa juu ya tangi na ulimi umekauka kama kifuu. Nikamsimulia hilo, nikamsimulia na vita vya Shela, vya watu wa Lamu na wa Pate, kwamba ni miaka zaidi ya 200 sasa na upepo ukifunua mchanga watu bado huona mifupa. Akaniangalia akaniuliza, "Hawa nao walichelewa kwa chai?" Nikacheka mpaka nikakaa chini. Hasira ilinitoka pale, sina budi kusema, ingawa sikumwonyesha.

Kipungani tuliingia magharibi. Mama mmoja yuko uani anasuka ukili akatuuliza mwatoka wapi na jua lote hili. Shela, nikasema. "Kwani Shela mashua zimekwisha?" Shemeji akamwambia, ni likizo mama. Yule mama hakumjibu yeye, aliniangalia mimi. Tukapewa madafu, tukapewa wali na samaki, na maji ya chumvi ya miguu ya mgeni. Asubuhi pesa alikataa kabisa, ila alituletea mkeka umekunjwa, tumpelekee binti yake Langoni, mjini Lamu.

Shemeji akaubeba begani. Na hapa ndio sijui niseme vipi, jana yake watu wawili watatu tuliokutana nao walituuliza mmepotea, lakini siku ile na mkeka ule njia nzima ya Matondoni ni salamu, mkeka wa nani huo, ah wa fulani, haya piteni huku kule kuna matope, shikeni embe. Ile simu hakuitoa hata kuangalia hatua.

Naona najipinga sasa. Basi andikeni hivi: vibao hapana, ila ubao mmoja pale Shela wa saa za kupwa na kujaa, huo sawa. Na mtu asiende peke yake. Na asiende Agosti, kusi itamjaza mchanga machoni. Na msiifanye ya kuuza tiketi, maana yule mama mtamharibia, ingawa labda yeye angezipenda hizo pesa, sikumuuliza.

Kama mimi ningeitembea tena, nishasema hapana. Lakini shemeji ameniandikia anauliza mwezi wa Januari unaandama lini, anataka kisiwa cha Pate, tushukie Mtangawanda twende Siyu mpaka Faza, na mimi nimeshamtazamia.

Ule mkeka ulifika umelowa pembe moja. Aliuweka chini pale Matondoni apige picha jahazi linaloundwa, na maji yalikuwa yanajaa. Binti wa Langoni aliupokea, akaipapasa ile pembe, akasema karibuni chai.