Uliza Anti: Ndoo ya zambarau pale Kibuye

SWALI: Salamu nyingi anti. Sisi ni vijana 13 hapa Kisumu, wengine tuko kolejini, wengine tunaendesha boda na mmoja anauza mitumba soko la Kibuye. Mwaka jana babake mwenzetu alikufa na kansa ya kongosho. Alikuwa ametibiwa vidonda vya tumbo miezi saba kwa kliniki mbili, alafu wakamwambia ni taifodi, siku macho yaligeuka njano ndio wakamtuma hospitali kubwa na huko wakasema imeshafika kwa ini. Alikaa wiki tisa tu. Tangu hapo tunachangisha pesa ya utafiti, tunavaa riboni za zambarau tulizokata kwa kitambaa cha leso na tunazunguka na ndoo. Sasa Jumapili moja mama mmoja wa omena akatuuliza mbele ya watu, "Nyithindo, yaani watoto, hiyo utafiti inafanywa wapi, na ikishafanywa mimi itanisaidia na nini?" Tulinyamaza wote. Kuna wenye wanasema tunakula pesa. Na ndani ya kikundi wengine wanataka tuachane na utafiti tulipie wagonjwa bili. Tunagombana kila mkutano. Tufanye nini?
Kikundi cha Manyatta

JIBU: Wanangu, poleni sana, na huyo mwenzenu mfikishieni pole zangu yeye na mamake. Miezi saba ya dawa za vidonda vya tumbo, mimi hiyo stori nimeisikia mara nyingi nikiwa nesi na bado inaniuma kila mara.

Nianze na mama wa omena kwa sababu anastahili jibu, na jibu lenyewe liko. Kongosho, ama pankriasi vile wanaita hospitalini, imelala nyuma ya tumbo la chakula karibu na uti wa mgongo, ndio maana daktari akikubonyeza tumbo haipati kwa vidole na ndio maana maumivu yake yanapenya mpaka mgongoni na mtu anafikiria ni kazi ya shamba. Inatengeneza insulini, ile ya kushusha sukari kwa damu, na yale maji ya kusaga chakula. Uvimbe ukiota upande wa kichwa chake unafinya mrija wa nyongo, nyongo inakosa njia inarudi kwa damu, na hapo ndio unaona macho njano, mkojo mweusi kama turungi, choo kimepauka kama udongo wa kufinyangia, na mwili unawasha. Kuna mwalimu mmoja tulimpokea wodini Nakuru, alikuwa amejikuna mikono na gunzi la mahindi mpaka imekuwa na mistari, na miezi yote hiyo alikuwa anapakwa mafuta ya ngozi. Bibi yake ndiye alituambia habari ya choo, yeye mwenyewe aliona aibu kusema. Hakuna hata mtu mmoja alikuwa amemuuliza.

Sasa utafiti. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa na Kanada walitoa matokeo ya wagonjwa 493 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa kansa hii wakatolewa uvimbe. Nusu yao walipewa kemo, yaani dawa za kuua kansa, ya kawaida ya wakati huo, nusu nyingine mchanganyiko wa dawa kali zaidi. Wale wa kemo ya kawaida, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 35. Wale wa mchanganyiko, nusu yao walipita miezi 54. Hesabu tofauti hapo, ni mwaka mmoja na nusu na zaidi, hiyo ni mtoto amemaliza fomu foo mzazi akiona. Hiyo ndio kazi ya utafiti, na ililetwa na watu waliojitolea kuwa wagonjwa wa majaribio na watu wengine waliotoa pesa.

Lakini soma tena hapo juu nimesema waliokuwa wamefanyiwa upasuaji. Wagonjwa wanaogunduliwa wakati bado wanaweza kupasuliwa hawafiki 20 kwa kila 100. Hata Marekani penye mashini zote, ni kama 13 kwa 100 wanafikisha miaka mitano tangu wagunduliwe. Dunia nzima mwaka 2022 waliopatikana nayo walizidi 500,000 na waliokufa walizidi 460,000, yaani idadi ya wanaougua na ya wanaokufa karibu zinalingana. Na hakuna kipimo cha kuwapima watu wazima wote wasio na dalili vile tunapima kansa ya mlango wa kizazi. Kwa hivyo mwambieni mama hivi: dawa mpya itamsaidia yule amefika mapema, na atafika mapema yule ameambiwa dalili. Mkimwambia habari ya macho, mkojo na choo hapo hapo kwa meza yake ya omena, tayari amepata kitu kabla hajatia hata shilingi kumi kwa ndoo. Mimi ningeanza na hiyo, kila mtu anaesimama apewe dalili kwanza na ndoo ije baadaye, na asiye na pesa aambiwe pia.

Na mtaambiwa ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko. Msibishane na wazee sokoni, mtawapoteza. Mwambieni tu mzee, baba hayo ya nyumbani yafanyike na hospitali pia aende wiki hii hii, manake macho yakishageuka njano hata siku kumi ni nyingi.

Haya, pesa. Hapa nitakuwa mkali kidogo mnisamehe. Ndoo moja yenye kazi mbili italeta vita hata mkiwa malaika. Mtu akitia mia moja akiambiwa ni ya utafiti, alafu mkalipia bili ya mgonjwa, mmemdanganya hata kama mgonjwa amepona. Wekeni ndoo mbili, moja imeandikwa UTAFITI na nyingine imeandikwa WAGONJWA, mwenye kutoa achague mwenyewe, na akaunti pia ziwe mbili. Msitumie namba ya simu ya mtu binafsi kupokea pesa, hata ya mwenyekiti, hata kama ni mcha Mungu. Mko 13, sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua 10, kwa hivyo nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii mjiandikishe mpate cheti, mkafungue akaunti yenye saini tatu alafu muombe Paybill yenu, ile namba ya kikundi ya kupokea pesa kwa simu. Na kabla ya kusimama sokoni ama steji na ndoo ombeni ruhusa ya kaunti na mpite kwa chifu pia. Alafu kila Jumapili mkirudi Kibuye mbandike karatasi ya manila, tumepokea hii, tumetoa hii, imebaki hii. Mama wa omena aisome mwenyewe ama asomewe na mwanawe. Maneno ya kula pesa yataisha polepole.

Ya utafiti itaenda wapi? Hapa mna bahati mko Kisumu. KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa matibabu, wako Kisian hapo tu, wanajulikana zaidi kwa malaria lakini mnaweza kwenda kuuliza nani nchini anafanya utafiti wa kansa ya kongosho. Eldoret kuna rejista ya kansa, yaani daftari la kuandika wagonjwa wote wa kansa, tangu 1999, na hiyo pia ni utafiti, kwa sababu mgonjwa asiyeandikwa popote huwezi kumpangia kitu. Babake mwenzenu kama angekufa nyumbani bila kipimo angezikwa ni mtu wa vidonda vya tumbo. Kabla ya kutoa hata shilingi ulizeni mradi unaitwaje, una leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, umepitishwa na kamati ya maadili, na pesa inaingia akaunti ya taasisi ama ya mtu. Wakisema ya mtu, amkeni mwende. Na mchukue risiti.

Mimi singewaambia muache utafiti. Pesa yenu ni kidogo kweli, haiwezi kununua hata mashini moja, lakini hao Wafaransa nao walianzia mahali. Pia msiwacheke wale wanaotaka kulipa bili, wameona mtu amezuiliwa wodini na hawajasahau. Mkumbuke pia Alhamisi ya tatu ya Novemba ni siku ya dunia ya kansa hii, na zambarau ndio rangi yake. Mkiwa mtatembea siku moja tu kwa mwaka, basi iwe hiyo.

SWALI: Anti kuna mzee anauza dawa ya miti ya kutibu kansa zote, ametuahidi 30,000 na fulana za kikundi kama tutaweka jina lake kwa bango. Tunahitaji hizo fulana. Tuchukue?
Mweka hazina, kikundi hicho hicho

JIBU: Hapana mwanangu. Siku mgonjwa ataacha kwenda hospitali kwa sababu aliona jina la huyo mzee kwa bango lenu, hizo fulana mtazivaa vipi? Mshukuruni kwa heshima, mumkatalie. Zile riboni za leso zinawatosha.

SWALI: Habari anti, niko Nakuru mtaa wa Bondeni. Mamangu ana miaka 64, hajawahi kuwa na sukari na kwetu hakuna mwenye sukari, miezi miwili iliyopita akapatikana nayo ghafla. Anakonda sana hata pete imeanza kutoka yenyewe akiosha vyombo. Kliniki wanasema kukonda huko ni sukari tu, akitumia dawa mwili utarudi. Dalili za macho hana. Niogope?
Kitinda mimba

JIBU: Wengi sana wanaopata sukari uzeeni hawana kansa, hiyo uishike kwanza ulale usingizi. Lakini mtu aliyepita miaka 60, sukari imekuja ghafla, na wakati huo huo anakonda bila kujinyima chakula, huyo asiachwe na dawa za sukari peke yake. Kuna wakati kongosho inaanza kuonyesha shida yake kupitia sukari, miezi kabla macho hayajageuka.

Mrudishe wiki hii, usingoje tarehe ya kliniki. Enda hospitali ya rufaa ya kaunti ile tunaita PGH mpaka leo, umuombe daktari kwa adabu lakini usitoke bila jibu: daktari, mama amekonda kilo hizi tangu mwezi huu, naomba apigwe picha ya kongosho. Siti skani inaona kongosho vizuri kuliko altrasaundi, kwa sababu gesi ya tumbo inaificha, kwa hivyo altrasaundi ikitoka safi na bado anakonda, uliza tena. Mpime kilo leo, uandike kwa daftari na tarehe, umpime tena baada ya siku saba, hizo namba ubebe. Muulize pia kuhusu choo na mgongo, muulize wewe mwenyewe mkiwa wawili jikoni, mbele ya watu hatakwambia. Na hiyo pete mfungie uzi ama umwekee, asije akaipoteza kwa maji ya vyombo.