Uliza Ticha: Hii "get" ina maana ngapi jamani?

SWALI: Shikamoo ticha. Mimi nahudumia wageni kwenye hoteli moja hapa Moshi, wengi ni wale wanaokuja kupanda Kilimanjaro. Kingereza changu sio kibaya ila hii get inanitesa. Shuleni tuliambiwa get ni kupata, basi. Sasa juzi mgeni kabeba mabegi mikono yote miwili ananiambia "could you get the door?" nikabaki namwangalia tu, nipate mlango upi tena? Jioni watu wanne wako mezani, bili imeletwa, mmoja anasema "I'll get it", nikampa risiti anacheka. Naomba uniorodheshee maana zote nizikariri. – Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la kukariri achana nalo kabisa, fungua kamusi yoyote nene uone get ilivyojaza kurasa, utakariri mpaka lini. Tuanze na hao wageni wako. "Get the door" ni shughulika na mlango, na mshughuliko wenyewe unategemea hali ilivyo: mtu kabeba mizigo basi mfungulie au mshikilie mlango usijifunge, ila kama mko ndani na kuna mtu anabisha hodi, maana yake nenda kaone nani. Simu inaita mtu akasema "can you get that?" ni pokea. Na yule wa bili "I'll get it" ni kwamba nalipa mimi, wenzangu wekeni pochi zenu, kwaiyo ulitakiwa umsogezee yeye bili. Na ukitaka kuwahi wewe kuwauliza wageni, sema "can I get you anything?", hapo ni nikuletee nini, sio kupata.

Kinachosaidia ni kuangalia kilichokaa nyuma ya get. Kikiwa kitu, mara nyingi ni kupata, kununua, kuleta au kwenda kuchukua. Ikiwa ni mahali, ni kufika, kama hao wapanda mlima wako, "we got to Uhuru Peak at six" yaani saa kumi na mbili asubuhi walikuwa kileleni. Ila hapa kwenye mahali angalia, unasema "get to Moshi" lakini "get home" haitaki hiyo to, na "get here" vilevile.

Sasa ikifuatiwa na neno la sifa kama tired, cold, wet, angry, hapa ndo Waswahili wengi tunapotea, kwa sababu sisi kazi yote ya hiyo get tumeshaiweka ndani ya kitenzi kimoja. Kuchoka, kupoa, kulowa, kukasirika, kuzeeka, kulewa, yote hayo Mwingereza anachukua get anabandika na sifa. Ukiona mteja anaongea na simu wee na chai iko mezani, chai inapoa, mwambie "your tea is getting cold". Ikishapoa ndo unasema "your tea is cold". Yaani ile -na- yetu mara nyingi inaangukia kwenye getting na ile -me- inaangukia kwenye is au am: nimechoka ni "I'm tired", naanza kuchoka ni "I'm getting tired". Nasikia watu wanasema "I have tired", hapana, hiyo haipo.

SWALI: Mwalimu hujambo, pole na kazi. Nilimwandikia supavaiza wangu imeili kuomba ruhusa, nikaandika "Yesterday I got an accident and I was stolen my phone." Akanipa ruhusa lakini aliirudisha imeili imepigwa mistari myekundu miwili. Kosa ni lipi na ajali si nilipata kweli? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Sijambo, na pole wewe kwa ajali na simu. Ajali ulipata, kwa Kiswahili. Kingereza wanasema "I had an accident" au "I was in an accident". Pata yetu ni pana kuliko get yao kwenye sehemu kama hizi: kupata mtoto ni "have a baby", kupata hasara ni "make a loss", kupata ushindi ni "win" tu. Cha ajabu magonjwa wanayakubali, "I got malaria" iko sawa kabisa, usiniulize kwanini malaria ndio na ajali hapana.

Mstari wa pili ndo mtamu. Sisi tunasema nimeibiwa simu, mtu ndo anatangulia na simu inakuja nyuma. Kwa Kingereza "I was stolen" maana yake uliibwa wewe mwenyewe, ukabebwa kama mbuzi! Kilichoibwa ni simu, kwaiyo simu itangulie: "my phone got stolen" au "my phone was stolen". Ukitaka kuanza na wewe badilisha kitenzi, sema "I got robbed". Get ya namna hii ni ya kuongea zaidi, barua ya ofisini weka was.

Ukiigeuza kidogo, "I got my hair cut" ni nimenyolewa na kinyozi, lakini "I cut my hair" wengi watadhani umeshika mkasi mwenyewe. Ni kama tofauti ya nimeshona gauni na nimeshonesha gauni, ile -esha yetu.

Na kwa vile niko hapohapo: "get married" haijali nani kaoa nani kaolewa, wote wawili wanasema hivyohivyo, ila ni "she got married to him", sio with.

SWALI: Ticha, kwenye muvi nasikia gotten na gotta, ni Kingereza au slengi? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Gotten ni Kingereza halali, ni ya Wamarekani, na ni ya zamani, Waingereza wenyewe walikuwa wanaitumia wakaja kuiacha, imewabakia kwenye forgotten. Mmarekani anazitofautisha: "I've got tickets" ni tiketi ninazo, "I've gotten tickets" ni nimezipata. Mitihani ya huku inafuata Kingereza cha Uingereza kwaiyo andika got. Gotta ni "got to" iliyomezwa mdomoni, maana yake lazima, "I gotta go" yaani inabidi niende, iseme upendavyo ila kwenye barua ya kuomba kazi isionekane.