Kabla hujamshika mkono bwana harusi

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema leseni umepata, Ijumaa ijayo unafungisha ndoa kwa mara ya kwanza kule Newala, na khutba umeshaihifadhi. Unauliza, zaidi ya kusoma, mfungishaji ana kazi gani.

Kazi yake ni kuuliza. Khutba ni sunna, ndoa inaswihi bila hiyo. Lakini bila walii, yaani msimamizi wa bibi harusi mwenye haki ya kumwozesha, mashahidi wawili na kauli ya kuozesha na kukubali, hakuna ndoa hata ukisoma mpaka alasiri.

Mwaka wangu wa pili nilifungisha ndoa Tandahimba, msimu wa korosho, siku niliyokuwa na harusi tatu. Baba wa binti alinipa uwakala, nimwozeshe kwa niaba yake, pale barazani, akasema binti karidhia. Niliona haya kumpita mzee yule kwenda ndani kuhakikisha. Nikamshika mkono kijana, tukamaliza, pilau ikaliwa. Miezi mitatu baadaye binti alikuja nyumbani Mikindani na mama yake mdogo. Hakupandisha sauti. Alitoa cheti kwenye mkoba, akaweka kidole kwenye sahihi yangu: “Shehe, hii ni yako. Mimi uliniuliza lini?” Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Tangu hapo naingia ndani mwenyewe, pamoja na mashahidi. Najua utanikumbusha tulivyosoma, kwamba idhini ya mwanamwali ni kunyamaza kwake. Ni kweli, na ni huruma kwa msichana mwenye haya. Lakini kimya cha haya na kimya cha hofu havifanani, nawe ndiye wa kuvitofautisha. Waombe mashangazi na marafiki zake watoke, abaki somo wake, yule kungwi aliyemfunda. Mwite binti kwa jina, mtajie jina la mwanamume na mahari, kisha ngoja. Usimlishe maneno. Akilia, usijiambie ni machozi ya kuagana na mama yake. Muulize tena taratibu. Akikataa, funga kitabu, hata kama wageni wametoka Dar na Fuso zima.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka hiari ya wote wawili, na taarifa itolewe siku 21 kabla. Watu huiona taarifa hiyo usumbufu, kumbe ndiyo nafasi ya mwenye pingamizi kusema kabla mchele haujaoshwa. Wakikuletea mtoto wa miaka 15 kwa kisingizio cha kifungu cha 13 cha sheria hiyo, kilichoruhusu msichana wa umri huo kuolewa, waambie Mahakama ya Rufani ilishathibitisha mwaka 2019 kuwa kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Wewe usifungishe.

Jambo moja hukusomeshwa chuoni. Walii ni baba, lakini kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana neno. Ukifika, mtafute umsalimie, umuulize kama ameshirikishwa. Nikahi haimtegemei yeye, ila siku binti akipata shida, mlango wa kwanza kuugonga ni wa mjomba.

Ukumbi na zawadi mwachie MC. Mambo ya akika na mazishi tutazungumza ukija.

Mama yako anakusalimu, kanzu ameshaipiga pasi. Ijumaa, ukitoka chumbani kwa bibi harusi, kabla hujakaa mkekani, nipigie uniambie amejibu nini.

Baba yako,
Mikindani