Ganzi ya mkono na tiba ya kairopraktiki

Ndugu, umeuliza iwapo mtaalamu wa kairopraktiki, yaani anayenyoosha uti wa mgongo na viungo kwa mikono yake, anaweza kuondoa ganzi inayokuamsha usiku. Kabla ya kulipia, tazama ni vidole vipi vinavyokufa ganzi: vikiwa gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, huku kidole cha mwisho kikiwa salama, yaelekea ni neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono, inapopita pamoja na kano tisa za kukunjia vidole katika njia nyembamba isiyotanuka. Kunyoosha shingo hakupanui njia hiyo. (Shingo nayo huweza kuleta ganzi inayofanana na hii, hivyo kupimwa kwanza na daktari si anasa.) Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1998, wenye washiriki 91, ulilinganisha kairopraktiki na vidonge vya ibuprofen, makundi yote mawili yalipata nafuu bila tofauti kubwa, lakini yote mawili yalivaa gango usiku. Mimi ningeanza na hilo gango, linaloshika kifundo kikiwa kimenyooka unapolala, kwa wiki kadhaa. Ila ukiona vifungo vya shati vimeanza kukushinda, au nyama iliyo chini ya kidole gumba imebonyea, nenda hospitali upesi, kwani neva iliyobanwa muda mrefu huenda isirejee hali yake hata baada ya upasuaji.