Maswali ya Visu: Kisu cha Babu Kiacheni Kilivyo

Barua za mwezi huu nyingi zinatoka kwa watu waliorithi visu vya mfukoni, na karibu wote wanataka ving'ae. Nimezichagua chache, na nyingine nimezijibu kwa pamoja kwa sababu zinauliza jambo lile lile.

Marehemu babu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Ameacha kisu cha kukunja, mpini mweusi wenye mikato midogo midogo, upande mmoja kuna msumari mnene, na kwenye chuma kuna alama ya mshale na mwaka 1943. Kimeganda hakifunguki, na bapa limekuwa jeusi. Fundi wa Katwe anasema atakipiga mashine king'ae kama kipya. Nimpe? – Bombo

Usimpe, ndugu yangu. Tafadhali usimpe.

Mshale ule ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, waliyogonga kwenye vifaa vya jeshi. Msumari ni wa kufumulia mafundo ya kamba. Wewe uko Bombo, mji wa jeshi, kwa hiyo huhitaji kufundishwa kwamba Kikosi cha 4 cha KAR, kikosi cha Uganda, kilipigana Burma mwaka 1944. Mshale na mwaka vimegongwa juu juu tu kwenye chuma. Gurudumu la kung'arishia likipita hapo mara mbili, vimekwisha, na hakuna fundi duniani atakayevirudisha. Utabaki na kisu kinachong'aa kisichosema kilitoka wapi.

Weusi usikutishe. Chuma cha zamani kikikata nyama, maembe na ndizi mbichi kinabadilika rangi, na rangi hiyo inakisaidia kisishambuliwe haraka na kutu. Adui ni ile nyekundu inayoacha unga kidoleni. Hiyo isugue polepole kwa sufu ya chuma iliyo laini kabisa pamoja na mafuta, ukikaa mbali na maandishi.

Kukifungua: tia matone ya mafuta ya cherehani kwenye kiungo, kilaze usiku kucha, kesho tia tena. Usivute bapa kwa koleo. Utavunja ukingo wa kile kishimo cha kuingizia ukucha unapofungua, na jeraha hilo halifichiki. Kikianza kulegea, kifungue na kukifunga kidogo kidogo. Yatatoka mafuta meusi mazito kama lami. Yafute, tia mengine, mpaka yatoke safi. Kisha chukua kijiti cha meno uchokoe ndani ya mpini, pale springi inapokaa. Utakuta vumbi, nyuzi za mfuko wa suruali, pengine na tumbaku. Uchafu huo ndio unaonyonya unyevu na kulea kutu mahali usipopaona. Kausha, paka mafuta membamba, basi.

Na usikichemshe. Kuna mtu anawashauri watu kuchemsha visu ili vilegee. Mpini wa pembe ukichemshwa unapinda na kuachana na pini zake.

Je, siki au ndimu inaondoa kutu? – Wengi, kila mwezi

Inaondoa. Halafu inaingia kwenye kiungo usikoweza kuisuuza na kuendelea kula springi. Nimelijibu hili mara nyingi mno. Mafuta ya kupikia nayo hayafai, yanaganda na kunata.

Mimi ni bodaboda hapa Mbale. Natembea na kisu cha kukunja cha Okapi mfukoni kwa kukata kamba za mizigo. Askari wa getini kwenye supamaketi alinifokea kama mwizi. Kosa langu nini?

Kosa lako ni kusubiri mashine ya kukagua chuma ilie ndiyo useme. Tangu mabomu ya Julai 2010 yaliyoua watu zaidi ya 70 Kampala, kila geti lina mtu wa kukupapasa, na yule askari analipwa kukushuku. Sema kabla hujafika: "Afande, nina kisu cha kazi, nikiache wapi?" Bora zaidi, kiache chini ya siti pamoja na spana.

Uelewe pia umebeba nini. Okapi ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Afrika, na tangu 1988 inatoka Afrika Kusini. Ni kisu cha mtu wa kazi, cha bei nafuu, chuma chake kinanoleka upesi. Lakini ule mlio wake wa meno kinapofunguka umezoeleka mikononi mwa wahuni, kwa hiyo watu wakiusikia wanarudi nyuma. Sheria yetu ya makosa ya jinai inamtia hatiani anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Kamba za mizigo ni sababu. Kukichezea stendi mbele ya abiria si sababu. Na polisi akikuuliza, usithubutu kujibu "cha kujilinda", maana hapo wewe mwenyewe umekigeuza silaha.

Anayebeba kisu akingojea ugomvi, mimi sina ushauri kwake ila akiache nyumbani.

Nashawishiwa kununua kisu cha Sheffield, mji wa mafundi visu Uingereza, chenye mpini wa pembe ya ndovu. Muuzaji anasema ni cha kale, kwa hiyo hakina shida. – Mkusanyaji, Kampala

Shida anayo yeye, na anatafuta wa kumwachia. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilipigwa marufuku kuanzia 1990, na Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019 inaruhusu kifungo cha maisha. Si maneno ya kwenye karatasi tu: Oktoba 2022 mahakama ya Kampala ilimfunga mtu maisha kwa kukutwa na pembe za ndovu. Wewe unataka kuingia humo kwa ajili ya mpini?

Sheffield walitumia pia mfupa na pembe za kulungu, na visu hivyo ni vizuri vile vile. Na ukitaka mpini mpya, tuna pembe za ng'ombe wa Ankole hapa hapa. Fundi anaipasha moto, anaibana iwe bapa, anaikata, na ikisuguliwa inatoa rangi ya maziwa, asali na moshi katika kipande kimoja. Inanisikitisha kuona watu wanahatarisha maisha yao kwa jino la tembo huku pembe kama hizo zinageuzwa vishikio vya funguo.

Nilimpelekea kisu mnoaji wa barabarani mwenye mashine. Kilirudi kikali sana, lakini baada ya siku mbili ni butu. Nifanye nini? – Busia

Angalia ncha na ukingo wa makali. Ukiona rangi ya kahawia au buluu, chuma kimepata moto na ugumu wake umetoka. Hakirudi kwa kunoa. Kama buluu iko kwenye ukingo tu, unaweza kuiondoa taratibu kwa jiwe na maji mpaka ufikie chuma kizima, lakini umepoteza upana wa bapa ambao ungekutumikia miaka mingi. Ikiwa imepanda hadi katikati, kisu hicho kitakuwa cha kufungulia bahasha.

Mashine ile ni ya majembe na mapanga. Kisu cha mfukoni kina bapa jembamba, linapata moto kabla cheche hazijakuonya. Nunua jiwe. Lilowanishe, egemeza bapa kwenye nyuzi 15 hadi 20, sukuma upande mmoja mpaka kidole kihisi ukwaru mwembamba upande wa pili, geuza, kisha malizia kwenye mkanda wa ngozi. Mtoto wa darasa la sita anaweza kujifunza.

Mpwa wangu anasoma London. Nimpelekee Okapi iwe zawadi ya nyumbani?

Hapana, mama. Kule kisu cha kutembea nacho bila sababu maalumu lazima kikunjike, bapa likifunguliwa lisishikwe na komeo, na makali yasizidi inchi 3. Okapi ina komeo. Mpelekee kidogo cha springi ya kawaida, na kipakie kwenye sanduku la chini ya ndege. Entebbe hawatakuruhusu uingie nacho ndani.

Kisu changu cha zamani kikifungwa, ncha inachomoza na kunichoma pajani. Niikate ncha? – Mzee, Kasese

Shikamoo mzee. Usiikate. Imechomoza kwa sababu ya kunolewa miaka mingi. Fungua kisu uangalie mwanzo wa bapa, karibu na kiungo: kuna kijino kidogo cha chuma kinachokalia springi kisu kikifungwa. Kipitishe tupa ndogo mara mbili tatu, futa unga, funga, tazama. Rudia ikibidi. Bapa litazama ndani na ncha itakaa chini ya mpini. Lakini nenda polepole: ukipitiliza, makali yatagonga springi kila ukifunga, na yatapata pengo.